Ushuru wa Maji

Mwalimu Mektilda hakuwahi kumwomba radhi mtu mfupi kuliko yeye, na kwa kuwa alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera, waliobaki walikuwa wachache. Alifundisha jiografia kwenye shule moja ya kata, Tabora mjini, lakini jiografia ilikuwa ya mshahara tu. Kazi yake hasa ilikuwa timu ya wasichana ya mpira wa pete. Miaka ishirini na miwili filimbi ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, darasani, kiwanjani, hata kanisani, mpaka padri akamwomba aivue anapokwenda kupokea komunyo. Hakuivua. Aliitumbukiza ndani ya blauzi, akapokea.

Mume alikuwa naye zamani. Alikwenda Mpanda kutafuta dhahabu, akapata mke. Watoto hawakujaliwa. Nyumba ya Mektilda ya vyumba viwili pale Chemchem ilijaa picha za timu, mwaka baada ya mwaka, wasichana wamepiga goti moja, kapteni kashika mpira, wengine leo wana wajukuu. Ungemwuliza ana nini hapa duniani, angekujibu bila kufikiri: ana filimbi, na ana Mgogo wake.

Mgogo wake ni Yustina, muuza mlenda mkavu na dagaa pale Gongoni. Sasa, Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za misafara, na hilo halihitaji kufundishwa shuleni. Wapagazi wa Unyamwezi walipita Ugogo na pembe vichwani kwenda pwani, nchi kavu, jua kali, na mwenye kisima hakutoa maji bure. Alitoza ushuru wa vitambaa. Wakagombana, wakapatana, wakabaki wanatukanana kwa kicheko mpaka kizazi hiki. Kila Jumamosi Mektilda alisimama mbele ya meza ya Yustina na kuanza.

"We Mgogo, bado upo? Treni ya Dodoma ilipita jana, nikajua tumepona."

"Nikiondoka mzigo wangu atabeba nani, mpagazi wee? Hebu inama nikutwike."

"Mlenda gani huu umejaa mchanga?"

"Mchanga ni wa kwenu. Mlenda ndio wa kwetu. Lipa vyote."

Wateja walisogea kusikiliza. Yustina alikuwa mdogo kwa Mektilda kwa miaka minane, lakini katika miaka kumi na mitano Mektilda hakuwahi kusikia shikamoo yake hata moja, wala hakuitaka. Mtani haamkiwi. Mama yake Mektilda alipofariki, Yustina alifika msibani kavaa gauni la marehemu na kiatu cha mguu mmoja, akajilaza kando ya kaburi, akasema jeneza halishuki mpaka alipwe ushuru wa njia. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mektilda akamlipa kuku, jeneza likashuka, na jioni ile mwalimu aliweza kula. Dawa ya namna hiyo haiuzwi dukani.

Basi Yustina alikuwa na binti, Recheli, kidato cha tatu, mfungaji wa timu. Mpira ukishatoka mkononi mwa Recheli, mlinzi angeweza kwenda zake kunywa chai. Mektilda alimpenda kama alivyojua yeye kupenda, yaani kwa kumsumbua.

Kiwanjani palikuwa na ndoo ya maji chini ya mti wa pete, na kikombe kimoja cha plastiki. Sheria ya Mektilda ilikuwa hakuna kunywa mpaka zoezi liishe. Alasiri moja ya jua la kupasua kichwa, Recheli akainua mkono.

"Mwalimu, naomba maji."

Mektilda akapuliza filimbi, wote wakasimama. "Jamani, njooni mwone maajabu! Mgogo anaomba maji! Babu zako waliwatoza babu zangu ushuru kisimani. Leo kisima ni changu. Lipa kwanza, mizunguko mitatu!"

Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Recheli naye akacheka kidogo, akakimbia mizunguko mitatu, akanywa. Pembeni alikuwapo mama yake, aliyepita kumletea viatu, naye alicheka kuliko wote na kupiga makofi. Mpaka hapo hakuna aliyekufa.

Lakini kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa. Wengine walikunywa zoezi lilipoisha. Recheli alikunywa baada ya mizunguko mitatu. Wiki ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka, ilikuwa desturi, na wasichana walikuwa wakimwimbia anapokimbia: "Lipa ushuru! Lipa ushuru!" Darasani akiazima kalamu, lipa ushuru. Kwenye foleni ya uji, lipa ushuru. Mektilda aliyasikia yote hayo na kuona timu imechangamka. Tena miguu ya mtoto inakomaa, alijisemea. Wengine hawataniwi kwa sababu si watani.

Nusu fainali ya manispaa ilikuwa na michezo miwili. Wa kwanza ulichezwa ugenini, Kanyenye, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Dakika za mwisho, matokeo sawa, Recheli akakosa goli. Akakosa la pili. La tatu lilipogonga chuma likatoka, sauti ikaanza, na haikutoka kwa wapinzani. Ilitoka kwa wanafunzi wa shule yake mwenyewe. "Lipa ushuru! Lipa ushuru!"

Mpira ulimrudia mikononi. Hakuurusha. Aliuweka chini taratibu, akatoka kiwanjani mchezo ukiendelea, akaenda kwenye ndoo ya timu yao pembeni, akachota na kunywa vikombe vitatu vilivyojaa huku refa anapuliza na Mektilda anapayuka. Kisha akavua kizibao chake chenye herufi, akakitumbukiza ndani ya ndoo na kushika njia ya kwao. Timu ikafungwa goli moja. Marudiano yalikuwa baada ya siku kumi.

Asubuhi iliyofuata baba wawili walikuwa shuleni kabla ya kengele. Wa kwanza ni Hilari, baba wa kapteni, dalali wa mazao mwenye sauti ya mnadani. Alitaka Recheli afukuzwe kwenye timu na achapwe mbele ya shule nzima. "Mwanangu amejitesa mwaka mzima, halafu katoto kamoja kanasusa kama kanasusa ugali!" Mektilda alimwunga mkono kwa kichwa. Alikuwa na hasira ambayo haikumwacha anywe chai.

Wa pili aliingia ofisi ya walimu bila hodi. Alikuwa kavaa ovaroli ya karakana ya reli, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Mektilda alimfahamu kwa kumwona tu akipita na baiskeli pale Gongoni. Kwake yeye alikuwa mume wa Mgogo, basi. Jina lake Anselm.

"Wewe ndiye unayemnyima mwanangu maji?"

"Karibu ukae, baba Recheli."

"Sikuja kukaa."

"Basi tuliza moyo. Ule ni utani tu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo, kuna kosa gani?"

"Nani Mgogo?"

"Recheli."

Anselm akamtazama kama fundi anavyotazama nati iliyofungwa kinyume. "Recheli ni Mpare. Mimi ni Mpare wa Same, na baba yangu alikuwa Mpare. Mgogo ni mama yake. Hebu niambie, mwalimu, Mpare na Mnyamwezi walikutana kisima gani?"

Mwalimu wa hesabu akainama kutafuta kitu kisichopotea. Maana kila mtu mle ndani alijua, na Mektilda alijua kuliko wote, kwamba mtoto huenda na kabila la baba, na utani huenda na kabila. Ukimtukana mtani ni mchezo, ukimtukana asiye mtani ni matusi. Yeye aliyejua watani wake wote kuanzia Singida hadi pwani hakuwahi kuuliza mtoto ni wa nani. Alimwona mama, akadhani amemwona na binti.

Palepale angesema nimekosea, yangeisha. Lakini nimekwambia Mektilda alikuwa mrefu.

"Damu ya mama nayo ni damu," akasema.

"Vizuri. Basi umtukane mama yake, mmezoeana. Mwanangu niachie." Akageuka, akaacha alama ya kidole cheusi kwenye mlango, na moja kwa moja akaenda ofisi ya mkuu wa shule na barua mkononi. Barua ilikuwa ya kwenda kwa afisa elimu. Ilisema mwalimu huyu asiguse tena watoto wa watu kiwanjani.

Mkuu wa shule aliitwa Theodora, na yumo kwenye zile picha za ukutani Chemchem, safu ya nyuma, mwaka wa saba wa filimbi. Alimwita Mektilda, akafunga mlango.

"Ijumaa tunakaa wote, wazazi na mtoto mwenyewe. Tukipatana, barua hii naichana. Tusipopatana inakwenda, na wewe filimbi utaikabidhi hapa mezani."

"Theodora, unaninyang'anya filimbi mimi? Mimi niliyekufundisha kudaka mpira?"

"Ijumaa, saa nane," mkuu wa shule akasema.

Wiki hiyo Mektilda hakulala vizuri, lakini hakuogopa. Alikuwa na shahidi. Yustina alikuwapo siku ya kwanza, Yustina alicheka, na Yustina ni Mgogo wake. Hakwenda hata kumwuliza. Nani anamwuliza mtani wake kama atamsaidia?

Ijumaa walikaa maktaba, viti vimepangwa duara, madirisha wazi na bado joto. Theodora aliweka sharti moja: anayesema asikatizwe. Hilari alilivunja kabla halijapoa. Alisema shule imelegea, watoto wa siku hizi wanataka kubembelezwa, na kama mtu ana binti wa kioo amfungie kabatini. Anselm akainuka, Hilari akainuka, viti viwili vikaanguka, na Theodora ilimbidi asimame katikati yao na rejista mkononi. Walikaa, lakini kila mmoja akiwa amempa mwenzake bega.

Zamu ya Mektilda ikafika. Alisimama.

"Mimi nashtakiwa kwa utani. Sawa. Utani una wenyewe, na mwenyewe yupo hapa. Mwulizeni Yustina. Siku ya kwanza alikuwapo kiwanjani. Alichukia? Alicheka! Alicheka na kupiga makofi, mama mzazi. Mimi ningejuaje kuna ubaya?"

Akakaa, mikono kifuani. Macho yote yakamgeukia Yustina, ambaye tangu aingie alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Nilicheka," Yustina akasema.

"Mmesikia."

"Sijamaliza, mpagazi." Sauti yake ilikuwa ndogo, na neno lile la siku zote lilitoka bila chumvi. "Siku ya kwanza nilicheka kwa sababu ilichekesha. Siku ya pili nilicheka kwa sababu nilicheka ya kwanza. Mtani akinuna anakuwa mjinga wa soko zima, mnajua. Nilifungwa mdomo na mila yenyewe. Ya tatu nikaacha kupita kiwanjani ili nisicheke tena. Siku hiyo mwanangu alirudi nyumbani akaniambia, 'Mama, na wewe ulinicheka.' Tangu hapo hali chakula nikipakua mimi. Anasubiri baba yake atoke kazini ampakulie. Wiki tatu sasa."

Recheli alikuwa anatazama sakafu. Hakubisha.

"Wewe ukinitukana moja, mimi nakutukana mbili," Yustina akaendelea. "Ndiyo maana inaitwa utani. Huyu angekujibu nini? Wewe una filimbi, una kalamu ya alama, una fimbo nyuma ya mlango. Siku moja tu amekujibu, mnataka achapwe. Na leo umeniita hapa ili kicheko changu kikuokoe wewe. Kicheko hicho, unajua kimenigharimu nini kwa mwanangu?"

Theodora alikuwa anazungusha kalamu mezani.

"Mimi uliniita Pipa, mwalimu," mkuu wa shule akasema, bila kumtazama. "Miaka miwili. Na sisi wala hatukuwa na utani, wote Wanyamwezi." Akaiweka kalamu. "Recheli, hakuna hata mmoja aliyekuuliza. Wewe unataka nini?"

Msichana alikohoa. "Nataka kucheza. Sitaki mwalimu aondolewe, hakuna mwingine anayejua mpira hapa." Hilari akaguna. "Lakini aseme mbele ya wenzangu kwamba alikosea. Na nikiwa na kiu, ninywe."

"Mwalimu amwombe radhi mwanafunzi!" Hilari akafoka. "Basi kesho wataanza kutusahihishia sisi!"

"Na asipoomba, barua inakwenda," Anselm akasema. "Mimi sina haraka, nina kopi tatu."

Mektilda aliitazama filimbi iliyolala kifuani. Nisikudanganye, msomaji: hakulainika moyo. Moyo wake ulikuwa unawaka. Aliwachukia wote mle ndani, Theodora na unene wake, Mpare na kopi zake, na zaidi Yustina, aliyemwacha peke yake mbele za watu. Lakini hakutaka kurudi Chemchem shingo tupu.

"Nitasema," akasema.

Jumatatu alisema. Wasichana walijipanga, yeye akasimama mbele yao na kuongea kama mtu anayetema mbegu za limau. "Nilikosea. Recheli si mtani wangu. Ni mwanafunzi wangu. Nisisikie tena mtu anamwimbia ushuru." Hakuongeza neno. Recheli akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenye mstari kabla zoezi halijaanza, akaenda kwenye ndoo. Akachota. Akanywa polepole, kikombe kizima, macho yake juu ya ukingo wa kikombe yakimtazama mwalimu. Akachota cha pili. Mektilda alisimama na filimbi mdomoni akangoja, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumngoja mtoto anywe. Akiwa pale ndipo alipoona jinsi shingo ile ilivyokuwa nyembamba, na mizunguko mitatu ya kila siku ikampita kichwani yote kwa pamoja. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyomfanya ageuke na kujifanya anapima nyavu.

Marudiano walishinda kwa magoli manne. Recheli alifunga kumi na saba. Filimbi ya mwisho ilipolia alipeana mkono na mwalimu wake kama alivyopeana na refa, akaenda kwa baba yake. Barua ilichanwa. Hilari alimnunulia kila msichana soda na kusema yeye tangu mwanzo alijua mambo yatakuwa sawa.

Filimbi ilibaki shingoni. Likabaki la Yustina, na hilo Mektilda hakuliona zito. Watani wakivuka mpaka kuna njia yake, ya zamani kuliko shule na barua zote: aliyekosa anatozwa faini, mnatukanana vizuri, yanaisha. Jumamosi alinunua tembe la kuku wa kienyeji, akalifunga miguu, akalibeba mwenyewe kwa mguu toka Chemchem hadi Gongoni. Njiani alipanga matusi. Alipata mazuri, mengine yalimchekesha peke yake barabarani mpaka watu wakamgeukia.

Yustina alikuwa anamfungia mteja dagaa. Mektilda akasimama palepale pake pa siku zote, akainua kuku juu.

"We Mgogo! Nimekuletea faini. Kakonda kama wewe, lakini nimeona kwenu hata mifupa mnatafuna!"

Yustina alimalizia kufunga. Akampa mteja chenji. Akapangusa mikono kwa kanga, kisha akasimama wima nyuma ya meza yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya Mektilda, na akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Mektilda akacheka. Alicheka akingoja sehemu ya pili, tusi lenyewe, maana Yustina alijua kumwekea mtu mtego. Wauzaji wa meza za jirani nao wakangoja. Kuku akapiga mabawa mara moja, akatulia.

"Kuku mrudishe nyumbani atage," Yustina akasema kwa upole, upole uleule anaowapa wateja wageni. "Faini anatozwa mtani. Mlenda nikupimie kiasi gani?"

"Yustina."

"Kopo moja?"

"Kopo moja," Mektilda akasema.

Yustina alipima kopo moja, akalisawazisha juu kwa kiganja, akafunga vizuri kwenye gazeti, akapokea hela kwa mikono miwili. Hakuongeza, hakupunja. Kisha akabaki amesimama, kichwa bado kimeinama, hakai, na ilimchukua Mektilda muda kuelewa kwamba mwanamke yule alikuwa anangoja kuitikiwa.

"Marahaba," akasema.